Zahabu ya Nyuma ya Jikoni

Mahali njia ya kutoka bandarini inapoigusa barabara kubwa ya Baraka, jirani na fundi wa kuziba mipira ya pikipiki, kuna ubao wa mtumbwi mzee uliolazwa juu ya rimu mbili za gari. Hapo Mama Suzanne huleta kahawa na mandazi kila asubuhi, na hapo hukaa watu waliojipa wenyewe jina la Parlement. Miji mingine wabunge wa barabarani husimama. Hawa hukaa, na Darius husema ndiyo sababu mijadala yao inafika mbali. Huyo Darius wanamwita Artikle, kwa kuwa hakuna jambo asilolipatia kifungu cha sheria, ingawa sheria zote alizisomea kwenye ubao huo huo. Alphonse anaitwa Karati. Alichimba zahabu Misisi miaka mingi, akarudi na kikohozi pamoja na saa isiyotembea, na mpaka leo akiona kitu kinametameta njiani lazima ainame. Wa tatu ni Eugène, mwendesha pikipiki. Yeye ni Amortisa, maana pikipiki yake imebakiza amortisa moja tu ya kupunguza mitikiso, na hiyo moja nayo inafanya kazi siku inapojisikia.

Asubuhi moja ya kiangazi, shule zikiwa zimefungwa kwa vakanse kubwa, Eugène alifika akicheka peke yake. Alikuwa na habari za binti yake Félicité, mtoto wa miaka sita, na wenzake walijua habari hizo huwa ndefu. Aliegesha pikipiki, akapokea kikombe, akaketi.

Wote walikwisha kusikia juu ya kambi. Mademwazele Gatesi, msichana wa familia za wafugaji wa milimani aliyekwenda kusoma fizikia Bukavu, alikuwa ameazimwa vyumba viwili vya darasa, akawa anakusanya watoto wadogo wa mji kuwafundisha sayansi kwa mikono. Siku Eugène alipotamka neno kambi kwa mara ya kwanza, Darius aliuliza mara moja ni nani amekimbia vita tena na kutoka kijiji gani. Ilibidi aelezwe taratibu kwamba hii si kambi ya wakimbizi wala ya askari. Hapa watoto wanaingia asubuhi, na saa sita wanarudi kwao kula. Darius alikubali, lakini alisema neno hilo lingepaswa kutolewa ruhusa kwanza.

Mwanzoni mademwazele aliomba kila mtoto alete ndimu. Baadaye yai. Sasa, Eugène alieleza, kila mmoja alitakiwa kuleta chupa inayoonyesha ndani na kikombe cha udongo wa nyumbani kwao. Félicité alikwenda nyuma ya jikoni, chini ya migomba, akachimba na kijiko cha mama yake. Kijiko hakikuonekana tena, na Fanny, mama yake, alikisemea mpaka watu wakalala.

Darius alicheka. Mama Suzanne alicheka. Alphonse aliweka kikombe chake chini.

— Udongo ya wapi, ulisema?

— Ya kwetu. Nyuma ya jikoni.

— Na benzake?

— Kila mutoto na ya kwabo. Ba Mwemezi, ba Kalundja, bote.

— Kisha banaifanya nini?

— Banaitia mu chupa, banaweka maji, banatikisa, banaisimamisha pa dirisha. Njo banaangalia vile inashuka.

— Kizito kinashuka kwanza, alisema Alphonse.

— Ndiyo vile mutoto aliniambia.

Alphonse alimtazama Darius, halafu akamtazama Eugène kama daktari anayetafuta namna ya kumwambia mtu ugonjwa wake.

— Amortisa. Kutia udongo mu maji, kutikisa, kungoja kizito kishuke chini, mi ile kazi nilifanya mupaka nikapata hii kikohozi. Kule haiitwake sayansi. Inaitwa kuosha zahabu.

Hapo kicheko kilikatika, na Parlement ikafungua kikao.

Darius ndiye aliyeanza. Alitaka wenzake wajiulize kwa nini atumwe mtoto. Kwa sababu, alisema, mtu mzima ukimwomba udongo wa kiwanja chake atakuuliza karatasi, atakuuliza sahihi, atamwita na jirani awe shahidi. Mtoto anabeba tu. Na kufuatana na sheria, udongo wa juu ndio wako. Wa chini ni wa Leta, yaani wa serikali. Zahabu ikionekana leo chini ya migomba ya Eugène, kesho Eugène anaonyeshwa njia.

Alphonse alisema hapana, watoto wametumwa kwa sababu nyingine. Zahabu inamkimbia mtu mzima. Yeye aliona kwa macho yake shimo lililotoa mawe matupu wiki nzima, kwa kuwa mwenye shimo alikuwa na ugomvi na shemeji yake. Mtoto hana shemeji. Udongo ukichotwa na mkono wa mtoto, zahabu haina sababu ya kujificha.

Mama Suzanne, ambaye mwanzoni aliwaambia wamwache msichana wa watu afanye kazi yake, aligeuza mandazi kwenye sinia akiwaza. Kisha akauliza zile ndimu zilikuwa za nini. Eugène alisema walizichoma misumari na nyaya, wakawasha taa ndogo sana. Mama Suzanne akatikisa kichwa. Ndimu anazijua yeye. Mtu wa kutengeneza pete pale sokoni akitaka zahabu ing'ae anaisugua na ndimu.

— Na mayai? aliuliza Darius.

— Balitia chumvi mu maji, yai ikapanda juu. Bila chumvi ilizama.

Kila mmoja alilifikiria yai hilo. Darius ndiye aliyelipata. Walikuwa wakipima, alisema, ni mzigo gani mzito unaweza kuelea, kusudi siku ya kuvusha zahabu kwenda Kigoma wajue mapema ni boti ya namna gani inafaa na forodha wataipitia wapi. Alphonse akaongeza kwamba basi hata chupa kwenye dirisha zimepangwa hivyo si bure: ukizitazama kwa mpangilio wa mitaa, hiyo ni ramani. Kabla birika la pili halijakwisha, Baraka nzima ilikuwa imekwisha kuuzwa, soko limehamishiwa Mboko, hospitali imepandishwa mlimani, na Mama Suzanne alikuwa anauliza kama kule mlimani watu wanakunywa kahawa au maziwa tu.

Eugène alisema hayo ni maneno ya kupoteza asubuhi, akawasha pikipiki akaenda kutafuta abiria. Lakini siku hiyo kila shimo la barabarani lilimkumbusha lile neno. Kizito kinashuka chini. Alimpakia mama mmoja mwenye gunia la muhogo, akapita nyumbani kwa huyo mama bila kujua, mpaka yule mama alipompiga begani. Jioni, akila, alimwuliza Félicité, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, ule udongo aliuchota sehemu gani hasa.

Félicité alimshika mkono akampeleka. Alipenda kuulizwa.

Eugène alianza kuchimba siku hiyo hiyo, jua likiwa bado liko juu ya milima. Kwanza alijiambia anatafuta kijiko. Kijiko kilionekana mara moja, karibu juu kabisa, akakipangusa, akakiweka kwenye ukuta wa jikoni, akaendelea. Fanny aliporudi kutoka sokoni alimkuta mume wake amezama mpaka magotini. Eugène alimwambia anachimba shimo la takataka. Fanny alitazama shimo, akatazama mahali lilipo, hatua chache tu toka chungu chake cha maji ya kunywa, akaingia ndani bila kusema neno. Katika ndoa yao hiyo haikuwa dalili nzuri.

Asubuhi iliyofuata alimwambia Félicité kwamba leo haendi kambini. Darius alikuwa amemshauri hivyo: udongo mwingine usitoke kwanza, mpaka mambo yajulikane. Mtoto alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Hakulia. Alivitazama viatu vyake, kisha akamtazama baba yake.

— Chupa yangu nani ataiangalia?

— Mademwazele ataangalia.

— Yee ataangalia yake. Kila muntu ako na yake.

Eugène alisema wataona. Akashuka shimoni.

Siku hiyo hakwenda barabarani. Alichimba akichota udongo na karai, akauosha ndani ya beseni la kufulia kama alivyomwona Alphonse akionyesha kwa mikono, na kila mara kilichobaki chini kilikuwa mchanga. Félicité alivua viatu, akakaa ukingoni, miguu inaning'inia. Hakusema kitu. Na hilo ndilo lililoanza kumla Eugène kuliko jua. Mtoto huyu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Akipakiwa mbele kwenye tangi la pikipiki alikuwa anauliza kwa nini moshi unarudi nyuma, kwa nini mbuzi wanalala barabarani na ng'ombe hawalali, kwa nini kivuli chao kinawafuata kikiwa kirefu asubuhi na saa sita kinajificha. Eugène alikuwa anamjibu lolote linalokuja mdomoni, na wakati mwingine alimwambia anyamaze kwa kuwa kuna malori. Sasa hakuna aliyemwuliza kitu, na ukimya ulijaa uwanja mzima.

Alimwambia aende akacheze na wenzake. Félicité alisema wenzake wako kambini.

Kesho yake shimo lilimfika kiunoni. Udongo mweusi wa juu ulikuwa umekwisha, na ule mwekundu uliofuata nao ulikuwa umekwisha, jembe likaanza kuingia laini kwenye mchanga mweupe. Eugène aliongeza mwendo, maana Alphonse husema zahabu hulala kwenye mchanga mweupe. Alipopiga tena jembe likatoa sauti ya kukwaruza, na kwenye ukuta wa shimo kukatokea mstari wa vitu vidogo vinavyong'aa.

Félicité aliteleza ndani ya shimo kabla hajakatazwa. Aliweka uso karibu na ukuta, akachomoa kimoja kwa kucha, akakitemea mate, akakifuta kwenye gauni.

— Papa, hii konokono.

Eugène alikichukua. Kilikuwa kigamba kidogo cha konokono, kimezunguka kama skrubu, cheupe, kimekauka. Alichomoa kingine. Vilikuwa vingi, vimelala pamoja, mstari mzima kutoka pembe moja ya shimo mpaka nyingine.

— Hii ya ziwa, alisema Félicité. Hapana ya mugomba. Ya mugomba iko kubwa na nyembamba mufupa wake.

Alikuwa sahihi, na Eugène alijua tangu alipokiona. Alivijua vizuri vigamba hivyo. Wakati ziwa lilipopanda, miaka hii ya karibuni, likaingia katika nyumba za avenue ya chini, ule mtaa wa ufukweni, yeye ndiye aliyekuwa akibeba magodoro ya watu kwenye pikipiki maji yakifika kwenye injini. Yalipoteremka, vilibaki vimejaa milangoni, watu wanavikanyaga vinavunjika. Lakini kule ilikuwa chini. Kutoka kwake mpaka ziwani unateremka, unavuka barabara, unapita soko, unateremka tena. Na hapa vigamba vilikuwa chini ya mchanga wenye kina cha mkono, chini ya udongo mwekundu, chini ya ule mweusi, na mizizi ya migomba ambayo baba yake Eugène ndiye aliyeipanda.

Alisimama pale shimoni, mkono umejaa konokono, akasahau zahabu. Alitaka kumwambia mtoto kitu. Alimwona anangoja, macho yamefunguka tena kama zamani, na yeye hakuwa na lolote la kumpa. Hata uongo haukuja.

Asubuhi alimbeba mbele kwenye tangi, vigamba vimefungwa ndani ya kitambaa cha Fanny, akampeleka Parlement. Félicité alikuwa anaipita tu siku zote; hakuwahi kukalishwa kwenye ubao ule. Mama Suzanne alimpa andazi. Eugène alifungua kitambaa, akaeleza yote, hata beseni la kufulia, na Alphonse aliinamia vigamba kwa muda mrefu, akainuka na uso wa mtu aliyedanganywa na ndugu.

— Hii hapana zahabu, alisema.

— Tumeona, alisema Eugène.

Lakini Parlement haijawahi kufunga kikao kwa kukosa hoja. Alphonse alisema ni wazee wa kale waliokula konokono hao na kutupa vigamba nyuma ya jikoni, maana jikoni ni jikoni toka zamani. Darius alikataa, kwake ni fundi aliyejenga nyumba ndiye aliyeleta mchanga wa ufukweni kwa lori akaumwaga pale, na kufuatana na sheria angepaswa kuondoa uliobaki. Eugène alimkumbusha kwamba nyumba yake ni ya matofali ya udongo na hakuna lori lililowahi kufika. Mama Suzanne alisema wanajisumbua bure, hayo ni maji ya Nuhu. Darius akasema gharika ilikuwa ya maji ya mvua, na konokono hawanyeshi. Mama Suzanne akamwuliza kama yeye alikuwepo. Mzozo ukawaka vizuri, fundi wa mipira akaacha mpira wake ndani ya beseni akaja kusikiliza, na kwa muda hakuna aliyemtazama mtoto.

Félicité alimaliza andazi. Alipanga vigamba kwenye ubao, vikubwa upande huu, vidogo upande ule. Kisha akasema, bila kuinua sauti, akimwelekea kila mtu kwa zamu, kwa kuwa hakujua ni nani mkubwa pale:

— Ziwa ilikuwa kwetu. Kisha ikaenda. Itarudia lini?

Alphonse alifungua mdomo, akakohoa. Darius alitazama upande wa bandari. Nyumba ya dada yake ni moja ya zile zilizochukuliwa kule chini, na ukuta wake mmoja unaonekana bado, umesimama majini. Mama Suzanne alichukua birika kumwongezea mtu kahawa, akaliinamisha, halikutoa kitu, naye akaendelea kulishika vile vile limeinama. Fundi wa mipira alirudi kwenye beseni lake.

Eugène alisubiri mmoja wao aseme. Alikuwa amekaa ubao huo miaka, hakuwahi kuona swali likipita mbele yao likaenda zake salama. Ndipo akaona kwamba mtoto hakuwa anawatazama wale wengine tena. Alikuwa anamtazama yeye.

— Sijui, mama, alimwambia.

Neno hilo lilimtoka kwa shida, na alitegemea kuona uso wa Félicité unasinyaa. Haukusinyaa. Mtoto aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu zuri, akaanza kurudisha vigamba ndani ya kitambaa, kimoja kimoja.

— Mademwazele na yee anasemaka vile, alisema. Anasema sijui, kisha anasema twende tuangalie. Papa, twende?

Eugène alisimama. Alitafuta namna ya kumweleza mademwazele kwa nini mtoto hakuonekana siku hizi, akaona kwamba njia nzima itamtosha kutafuta, na asipopata atasema ukweli, kwamba alichimba shimo. Alimpandisha Félicité mbele. Alipopiga teke kuwasha, alihisi pikipiki imeshuka nyuma ghafla, ile amortisa moja ikalia. Alphonse alikuwa amekwisha kukaa nyuma yake.

— We unaenda wapi, Karati?

— Kule kule.

Darius alisema yeye atakuja kwa miguu, kuna mambo ya kisheria juu ya lile shimo ambayo yule msichana lazima aelezwe. Mama Suzanne alianza kukusanya vikombe.

Waliteremka taratibu, maana ni watu watatu na barabara ni ile. Karibu na soko Alphonse aliinama juu ya bega la Eugène ili mtoto amsikie.

— Mama Félicité, aliuliza kwa heshima. Kule kwenu, batu bakubwa banaingiaka?

Félicité aliwaza kidogo, kitambaa amekikumbatia kifuani.

— Baingie, alisema. Lakini kule tunaanzaka kuangalia. Kusema inakuya nyuma.

Alphonse hakujibu. Hakujibu pale, wala walipopita kanisa, wala kwenye kona ya shule, na Eugène, aliyemjua tangu ujana wao, alitazama mara mbili kwenye kioo akidhani ameanguka.